Naomba Kupangishwa Turubai la Msiba

Stoo ya Ramani,
Shule ya Sekondari,
Agam Wuha.
Tahsas 9.

Kwa Mheshimiwa Ato Demissew Gobeze,
Mwenyekiti wa Idiri ya Mtakatifu Gabrieli,
Chama cha Kuzikana, Mtaa wa Kinuni.

YAH: LALAMIKO LA MTU ALIYE HAI

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe, mama wa nyumbani, na yule ng'ombe wenu aliyezaa juzi. Natumaini goti lako linapata nafuu, maana Jumapili nilikuona ukishuka ngazi za kanisa na nikaumia kwa niaba yako. Sisi hapa stoo tu wazima, mimi na panya.

Kama jina halikujii, mimi ni Yirdaw Mekete, yule mwalimu mrefu wa jiografia aliyeletwa hapa mwezi wa Meskerem, shule zilipofunguliwa. Tangu siku hiyo nalala katika stoo ya ramani. Ni chumba kizuri sana kwa ramani. Kina dirisha moja linalotazama choo, na baridi ikizidi najifunika bara la Asia, kwa kuwa ndilo kubwa kuliko yote na limebandikwa juu ya kitambaa kizito. Ninaweza kukuonyesha, nimefumba macho, ulipo mji mkuu wa Mongolia. Mahali pa kupanga chumba katika mji huu wenye barabara moja sijapaona, na mwezi wa tatu sasa umepita.

Ningeendelea kuvumilia, Ato Demissew, maana uvumilivu ndio somo la kwanza wanalotufundisha chuoni. Ila mke wangu Wubalem amejifungua. Alikwenda kwa mama yake kujifungulia huko, kama ilivyo desturi, na tarehe 18 ya mwezi wa Hidar akapata mtoto wa kiume. Nakiri mbele yako jambo ambalo baba yeyote wa mji huu angeona aibu kulisema: nilikuwa nimeomba wa kike. Wa kike hubatizwa siku ya themanini, wa kiume siku ya arobaini, na mimi kwa jinsi nilivyokuwa nimekataliwa nyumba hadi nyumba, nilihitaji zote themanini. Mungu akanijalia dume. Nikalia kwa furaha asubuhi, na mchana nikalia tena nilipotazama kalenda.

Leo ana siku ishirini na moja. Zimebaki kumi na tisa, abatizwe, kisha mama na mwana waje kwangu. Mama mkwe amekwisha toa tamko kwenye simu, na spika ilikuwa wazi, walimu wenzangu wote wakasikia: "Mjukuu wangu halali juu ya ramani. Tafuta nyumba, baba, la sivyo huyu mtoto atakujua kwa picha."

Sijamwona bado. Wubalem huweka simu karibu na pua ya mtoto ili nimsikie akipumua. Naomba uyapokee malalamiko yangu ukijua hilo, kwa sababu mengine yataonekana kama mzaha, na mimi sitanii.

Lalamiko la kwanza ni dalali Mulat. Unamfahamu. Hukaa nje ya bucha, na kwa kuwa bucha limefungwa kwa ajili ya mfungo, sasa anakaa nje ya bucha lililofungwa, akiwa na fungu la funguo lisilofungua mlango wowote. Hutoza ada ya kuonyesha chumba, anaiita ada ya viatu. Siku ya kwanza alinionyesha chumba kwa kupitia mlango wa mbele. Siku ya pili akanizungusha nyuma ya kanisa, tukaruka mfereji, tukaingia kwa mlango wa uani, akanionyesha chumba kilekile. Siku ya tatu alinipeleka dirishani. Nilipomwambia kwamba ufa ule ukutani naufahamu, umekaa kama mto Naili, alinitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "mji una chumba kimoja. Unataka nikujengee cha pili?" Nikalipa ada ya viatu mara tatu. Viatu vilivyochakaa ni vyangu.

Lalamiko la pili ni la chumba chenyewe chenye mto Naili, ambacho ni mali ya Ato Belachew wa duka la saruji. Bei yake inazidi nusu ya mshahara wangu. Nilipouliza sababu, aliniambia habari za wahandisi wa barabara waliokuja miaka miwili iliyopita, wakawa wanalipa chochote walichotajiwa, hata watu wakahamia jikoni ili wawapangishie sebule. Wahandisi wamekwisha ondoka, na barabara yao imeanza mashimo. Bei walizozipandisha hazikurudi mahali pake. Nilimwambia Ato Belachew kwamba mimi si mhandisi. "Nawe ulale kama mhandisi," akasema, "utalipaje kama mwalimu?"

Hata hivyo nilikuwa tayari kubanwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nikamwomba anitajie masharti, akayatoa mfukoni yakiwa yameandikwa. Maji ni mpaka saa sita mchana. Taa ni moja, nayo izimwe anapozima yeye. Vitunguu visikaangwe, kwa kuwa harufu yake humfanya mkewe akumbuke kwao na kutaka kwenda. Wageni wasije, na wakija wasikae, na wakikaa wasicheke. Mwezi wa Pagume ulipwe kamili. Hapo nilinyanyua mkono kama mwanafunzi. Nikamweleza kwa adabu kwamba Pagume ni mwezi wa kumi na tatu, una siku tano tu, na mwajiri wangu hajawahi kuutambua kwamba upo. Akasema nyumba yake inautambua.

Nikakubali hata Pagume. Ndipo nikataja mtoto, na karatasi ya masharti ikarudi mfukoni. Ato Belachew aliniambia kwamba kilio cha mtoto mchanga huchakaza ukuta. Nilimuuliza kwa njia gani. Akanionyesha ule ufa.

Lalamiko la tatu ni zito, nami naliandika polepole, kwa sababu linamhusu mtu ninayemheshimu. Etiye Asnakech, mjane wa fundi cherehani, ana vyumba viwili uani kwake. Kuta ni za udongo zilizosilibwa vizuri, dirisha linatazama mashariki, kuna mpera mlangoni, na bei yake ni ya kibinadamu kabisa. Mulat hakunipeleka huko, eti nyumba isiyo na ada kubwa ni mkosi. Nilijipeleka.

Alinikaribisha kwa kahawa. Kikombe cha kwanza aliniuliza wazazi wangu ni akina nani na wamezikwa wapi. Kikombe cha pili aliniuliza habari za Wubalem, na nilipomtajia mtoto, akapiga kigelegele pale pale, akaniambia kamba ya kuanikia nepi itafungwa kutoka mperani mpaka kwenye nguzo ya jiko. Ato Demissew, moyo wangu ulishaanza kuanika nepi. Kikombe cha tatu, kile cha baraka, akaniuliza: "Na uko kwenye idiri gani, mwanangu?"

Nikasema bado sina.

Akaweka kikombe chini. "Basi hapana. Ukinifia humu, nani atakuzika?"

Nilidhani anatania. Nikamwambia nina miaka ishirini na tisa, sijawahi kulazwa. Ndipo akanisimulia habari za Mesele, fundi redio, aliyepanga chumba chake cha nyuma kwa miaka tisa. Nayaweka maneno yake kama alivyoyasema. "Mesele naye alikuwa hajawahi kulazwa. Alinifia asubuhi akisubiri chai. Nikatoka nje nikapiga yowe, nikangoja. Hakuna aliyeleta turubai. Nikaenda kwa Zeleke, katibu wa idiri, akafungua daftari, akasema jina halimo. Miaka tisa kawatengenezea redio zao! Tulimbeba watu wanne, na mmoja ni muuza kuni aliyekuwa anapita tu na punda wake. Siku tatu za matanga nimekaa peke yangu. Nachemsha kahawa, namimina vikombe, hakuna wa kumpa, nakunywa mwenyewe. Nikaapa. Asiye na watu wa kumzika hatalala tena kwangu, hata awe malaika."

Sina hasira naye, na ningekuwa yeye ningeapa vilevile. Redio yako, Mheshimiwa, ile unayosikilizia habari uani, waliniambia ilitengenezwa na Mesele.

Lalamiko la nne linafuata hapo hapo. Nilitoka kwa Etiye Asnakech nikaenda moja kwa moja kwa katibu wako, Ato Zeleke, nikiwa na ada ya kujiunga mkononi. Alinipokea vizuri, akafuta daftari kwa kiwiko, akauliza: "Nyumba yako ni ipi?" Nikasema bado natafuta. Akalifunga daftari. Akanisomea kifungu cha saba: mwanachama awe mwenye nyumba katika mtaa, au mtoto wa nyumba hiyo. "Mpangaji ni mpita njia, mwalimu. Leo yupo, kesho kafunga godoro."

Nilimwambia nimeletwa kwa barua ya serikali, hata nikitaka kuondoka siwezi. Akasema ndivyo wasemavyo wote. Nikamtajia fundi Mesele aliyekaa miaka tisa bila kufunga godoro.

"Si unaona?" akanijibu Ato Zeleke. "Naye kaondoka."

Nilirudi kwa Etiye Asnakech kumwambia kwamba idiri inataka nyumba kwanza. Akanirudisha kwa Ato Zeleke nimwambie nyumba inataka idiri kwanza. Siku ile nilikwenda na kurudi mara nne, na watoto wa mtaani wakaanza kunihesabia kwa sauti. Kwa kuwa ndiyo kazi niliyosomea, nimechora ramani ya safari hiyo na kuiambatisha. Utaona ni hatua mia tatu na kumi kutoka mlango wa kwanza mpaka wa pili, na kwamba njia hiyo haina mwisho. Sipati chumba mpaka niwe na kaburi, na sipati kaburi mpaka niwe na chumba.

Lalamiko la tano ni fupi. Turubai la idiri lina nyumba. Ni ya matofali, ina bati jipya na kufuli mbili.

Sasa naja kwenye maombi yangu, na naomba uyasome yote kabla ya kukasirika.

Ombi la kwanza. Kwa mujibu wa Ato Zeleke mwenyewe, mwaka jana mtaa ulipata misiba kumi na moja. Kila msiba turubai lilisimama siku tatu. Siku zote zilizobaki lilikunjwa, likalala, likanuka. Naomba kulipanga kwa siku hizo za mapumziko. Nitalisimamisha pembeni ya kiwanja cha shule, nitalipigilia vigingi vizuri, nitalianika jua, na mtu wa mtaa akifariki nitalikunja na kulileta ndani ya saa moja pamoja na pole zangu. Mke wangu ni mwepesi kufunga mizigo. Natambua kwamba mpango huu utanifanya niwaulizie afya wagonjwa wa mtaa kwa bidii isiyo ya kawaida. Naahidi kwamba nitakuwa nawaombea kwa dhati.

Ombi la pili. Kama turubai halipangishwi, basi nipangishwe stoo yake, na turubai lenyewe lisimame nje. Lilitengenezwa likae nje. Mwanangu hakutengenezwa hivyo.

Ombi la tatu, nalo ndilo nililolipima zaidi. Kama katiba haiwezi kabisa kumhudumia mpangaji aliye hai, naomba niandikwe marehemu. Nimesoma haki za marehemu wa idiri nikaona zinanitosha: hupewa turubai, mabenchi sitini, masufuria makubwa na kuni, akina mama humpikia, na wanaume huja kukaa naye asiwe mpweke. Tangu nifike mji huu sijawahi kukaribishwa kwa kiasi hicho. Naomba siku arobaini tu, ambazo ndizo marehemu wa kwetu husubiri karamu yake ya kumbukumbu. Ato Belachew atakubali kwamba marehemu hatumii maji baada ya saa sita, hawashi taa, hakaangi vitunguu, na wageni wake hawacheki. Mimi ndiye mpangaji aliyekuwa akimtafuta miaka yote.

Kutakuwa na mambo madogo ya kupanga. Naomba vilio vifanywe kabla ya mtoto kulala. Naomba wanaokuja kutoa rambirambi wanawe mikono kabla ya kumbeba. Darasani nitaendelea kufundisha, kwa kuwa mtihani unakaribia na mkuu wa shule hatakubali sababu ya kifo bila cheti. Nikimaliza arobaini zangu nitafufuka bila kishindo, na kama bado sina chumba, nitaomba kwa heshima kufa tena.

Sasa hebu niseme bila mapambo. Wahenga wa Kiswahili wana neno lao, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Na adhabu ya stoo aijuaye ni mimi. Siombi kuzikwa vizuri. Naomba mwanangu akija awekwe mahali pakavu, na asubuhi moja niamke nimkute amelala kati yetu. Kama kwa hilo lazima kwanza niahidiwe watu wa kunibeba, basi nibebeni. Na kama mtabadili kifungu cha saba, msikibadili kwa ajili yangu peke yangu. Kibadilisheni kwa ajili ya kila mpangaji, kwa sababu mtu aliyekaa miaka tisa anatengeneza redio zenu si mpita njia, ni jirani.

Nisalimie mama, watoto, na ndama. Nisalimie Ato Zeleke, mwambie sina kinyongo naye, daftari tu ndilo lenye makosa. Nisalimie wajumbe wote wa idiri, na wale kumi na moja wa mwaka jana ukipita makaburini.

Ni mimi, nikiwa hai hadi utakapoamua vingine,

Yirdaw Mekete
Mwalimu wa Jiografia

Kiambatisho: ramani moja, kwa kipimo sahihi.

Nyongeza, Tahsas 11.

Mheshimiwa, bahasha nilikuwa sijaifunga, na karatasi ni ghali, hivyo naongeza hapa hapa.

Jana siku ya soko Etiye Asnakech alikuja shuleni. Alikuwa amesikia habari za Asia akataka ajionee. Alinikuta nimekaa juu ya sanduku la ramani, simu sikioni, mtoto analia upande wa pili na mimi upande huu. Akaninyang'anya simu. Akaongea na mama mkwe mpaka chaji ikaisha. Kisha akanishika mkono kama mwizi, tukapitia mlangoni kwake, tukazipiga zile hatua mia tatu na kumi mpaka kwa Ato Zeleke.

"Andika," akamwambia. "Yirdaw. Mwanangu."

"Mama, kitabu kinasema una watoto wawili, na wote wako mji mkuu."

"Andika wa tatu. Huyu nimemzaa uzeeni, ndiyo maana karefuka hivi."

Ato Zeleke akaandika. Sasa mimi ni mtoto wa nyumba, mwanachama halali kwa kifungu cha saba, na kamba ya nepi imekwisha fungwa mperani. Nimelia tena, na safari hii sikutazama kalenda.

Kwa hiyo naomba barua hii isisomwe kwenye mkutano wa Jumapili. Kifungu cha saba nimekisoma upya nikiwa nimetulia, naona waliokitunga walikuwa watu wa busara. Chama kikifunguliwa kwa kila mtu, turubai litachakaa.

Jambo moja la mwisho. Vyumba ni viwili, na sisi kwa sasa kimoja kinatutosha. Etiye ameniruhusu nikipangishe cha nyuma, kile cha marehemu Mesele. Leo asubuhi amekuja binti mmoja nesi, mgeni hapa mjini, ambaye tangu mwezi wa Tikimt analala juu ya benchi la chumba cha chanjo. Ana adabu, hana mtoto, na vitunguu amesema anavila vibichi. Nilimkaribisha kahawa, na kikombe cha tatu nikamuuliza yuko idiri gani. Hana. Nimemwambia ajaribu kwenu, lakini nawe, Ato Demissew, usimlegezee. Akinifia humu, nani atamzika?